Dende alale juu ya nini? Mchanga wa dhahabu uachwe machimboni

Jioni, ukiingia jikoni mwa watu kule Cimpunda, Panzi ao Bagira, mara nyingi sauti ya kwanza kukukaribisha si ya mwenye nyumba. Ni ya dende. Wanalia wi-wi-wi nyuma ya saki ya makala, kwa sababu wamesikia kisu kinakata mboga na wanajua maganda yatawafikia sasa hivi.

Mnyama huyu, ambaye kwa Kifaransa anaitwa cobaye na majirani wa Tanzania wanamwita simbilisi, asili yake haiko hapa. Alitoka milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Lakini katika Kivu ya Kusini amekuwa mtu wa nyumba. Miaka ya vita, kuanzia 1996, ng'ombe na mbuzi waliporwa, na familia nyingi zikaona kwamba dende unaweza kumtia ndani ya kikapu na kukimbia naye. Hana haja ya malisho wala mchungaji. Jike anabeba mimba siku kama 68, anazaa mmoja mpaka wanne, na watoto wanatoka na manyoya yao na macho wazi, wanaanza kutafuna majani karibu mara moja. Ndiyo sababu watafiti wa INERA Mulungu na wa Université Evangélique en Afrique, hapa Bukavu, wamemchunguza. Ni nyama ya mtoto, ni daftari la shule, na mara nyingi ni mali ya mama na watoto, siyo ya baba.

Baba yuko machimboni. Hapo njo maneno yetu ya leo yanaanzia.

Tuseme baba anarudi kutoka Kamituga, kilometa kama 180 za barabara tunayoijua wote, ao kutoka Mukungwe kule Walungu. Juu ya gari kuna saki moja ya mchanga. Mchanga mzuri, mwembamba, hauna jiwe, hauna mzizi. Mama atauweka chini ya dende, watoto watauchezea, na utakaobaki utajaza shimo la uani. Mu Bukavu mchanga unanunuliwa kwa franga, na kule machimboni umelala chungu nzima bila mwenyewe. Kwa familia zinazoishi Kamituga yenyewe hakuna hata haja ya saki: lundo liko nyuma ya nyumba, unachota na beseni.

Ubaya wake ni kwamba mchanga ule unaonekana safi kuliko udongo wote. Ulikuwa jiwe. Ukasagwa na konkaseri ao ukatwangwa na mama twangaise, ukapitishwa maji mara tatu, mara nne. Na katikati ya kazi ile mtu alitia zebaki, ile tunayoita merkiri, ili ikamate dhahabu. Zebaki haikamati dhahabu yote, na yenyewe haitoki yote. Vitone vyake, vidogo kuliko tundu la sindano, vinabaki mu mchanga na kusafiri nao. Si kila lundo lina zebaki kwa kipimo kimoja. Penye watu wanaoitia ndani ya mawe yote yaliyosagwa, inabaki nyingi. Penye kuitumia mwishoni tu, ndani ya karai, juu ya kile kidogo kizito kilichobaki, inabaki kidogo. Lakini ukiangalia lundo kwa macho hauwezi kujua. Wala kuosha mara ya tano hakutasaidia, maana zebaki ni nzito kuliko mchanga. Maji yanaondoka, yenyewe inabaki chini.

Watu wengi wanafikiri sumu hii ni ya kumeza. Kumbe zebaki ile ya maji-maji, mtu akiimeza, karibu yote inapita tumboni na kutoka. Inayotuingia ni mvuke wake. Unapanda hata bila moto, kwa joto la kawaida la nyumba, na mtu akiuvuta, kama asilimia 80 inabaki mwilini. Haina harufu. Hauoni moshi. Sasa mufikirie dende: pua yake iko sentimita mbili kutoka chini, mchana na usiku, ndani ya jiko lililofungwa kwa sababu ya wezi na ya baridi yetu hii ya mita 1500. Na kando ya dende, mtoto anayetambaa. Mtu mzima aliyevuta mvuke huo siku nyingi anaanza kutetemeka mikono, anasahau, analala vibaya, na figo zake zinachoka. Kwa mama mwenye mimba, sumu inapita mpaka kwa mtoto tumboni, na ubongo wake ndio unaoumia.

Hapa niingize hadithi kidogo ya mbali, itatusaidia. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga buibui. Siyo hawa wadogo wa pembe za nyumba: wale wakubwa wenye manyoya, wanaokaa shimoni. Mmoja wao anayependwa sana anatoka Afrika yetu ya Mashariki; wafugaji wanamwita kwa jina la milima ya Usambara ya Tanzania. Ana rangi ya machungwa, ana hasira, na akiuma unaumwa kweli. Wanamuweka ndani ya sanduku la kioo, na jambo linalowasumbua kuliko chakula ni udongo, kwa sababu buibui yule anaishi ndani yake: anachimba, analala humo, anabadilisha ngozi humo. Sheria yao ya kwanza ni kwamba udongo haupimwi kwa kuuangalia, unaulizwa ulikotoka. Wa shamba lililonyunyiziwa dawa, hapana. Wenye mbolea ya dukani, hapana. Wa kando ya barabara, hapana. Mtu anayetoa franga nyingi kwa ajili ya buibui anauliza maswali hayo, na sisi tunaokula mnyama wetu hatuulizi.

Lakini kuna desturi yao moja ambayo hapa ingeua mtu. Wengine wanaupika udongo ndani ya furu ili wadudu wafe. Na huku kwetu kuna watu wanaokaanga udongo juu ya bati, kwa ajili ya funza na utitiri, kabla ya kuumwaga ndani. Udongo wa kawaida, sawa, moshi tu. Lakini ukikaanga mchanga wa dhahabu, umefanya ile ile kazi ya negosia anayechoma dhahabu yake: zebaki inaruka, inajaza chumba, na wewe uko juu ya bati na kijiko mkononi. Hapana cheza na jambo hilo. Mchanga wa machimbo ya dhahabu hauwekwi motoni jikoni, hata kidogo, hata mara moja.

Tukiwa kwenye moto, kuna majivu. Bamama wengi wanamwaga majivu ya mbabula chini ya dende ili mkojo usinuke na viroboto wakimbie. Ni desturi nzuri. Swali ni hili: je, mbabula hiyo ilichoma nini? Kama baba ao kaka aliwahi kuweka juu yake kile kidonge cha kijivu cha zebaki na dhahabu, mbabula hiyo haiko tena ya jikoni. Itoke, na majivu yake yasirudi. Vivyo hivyo saki: saki iliyobeba mchanga wa dhahabu, hata ukiipiga-piga na kuifua, isiwe mkeka wa dende wala wa mtoto. Na ile ya saruji isitumiwe pia, kwa sababu nyingine. Unga wa saruji uliobaki mu mikunjo, ukikutana na mkojo, unachoma ngozi, na nyayo za dende hazina manyoya.

Kuna atakayesema: mimi sichimbi dhahabu, niko kwa koltani, niko kwa kasiterite. Ni kweli, huko zebaki haitumiwi. Madini yanatenganishwa kwa maji na sumaku. Mchanga wake hauna sumu hiyo. Lakini kwa dende haufai vilevile. Jiwe lililosagwa lina ncha. Linakwaruza nyayo, kidonda kinaingia uchafu, mguu unavimba na mnyama anaacha kutembea. Mchanga haunywi mkojo, unaushikilia tu kama tope. Usiku ni baridi. Na ukikauka unatoa vumbi, lile lile vumbi la mawe ambalo wachimbaji wanalijua kwa kikohozi chao. Dende anakufa kwa mapafu kuliko kwa kitu kingine chochote unachoweza kumzuilia.

Kama mtu anaona maneno haya ni ya kutisha bure, aulize habari za Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 kulikuwa na vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu kama sisi. Mawe yao yalikuwa na risasi nyingi ndani, ile metali ya betri, na watu hawakujua. Waliyabeba mpaka nyumbani, wakayavunja uani, wakayasaga kwa mashine, nyingine zile zile za unga wa chakula. Vumbi likakaa chini. Watoto wakachezea chini, wakatia mikono mdomoni. Zaidi ya watoto 400 wenye chini ya miaka mitano walikufa kabla na baada ya madaktari wa Médecins Sans Frontières kujua ni nini. Dawa peke yake haikutosha, maana mtoto aliyetibiwa alirudi kukaa juu ya udongo ule ule. Ilibidi kukwangua udongo wa juu, ua kwa ua, kuutoa kijijini na kuleta mwingine safi. Kijiji cha Bagega kilingoja mpaka 2013 kusafishwa. Risasi haiko zebaki, na mawe ya Kamituga hayako mawe ya Zamfara. Njia ndiyo moja: kazi ya machimbo iliingia uani kwa miguu ya baba, na waliolipa ni wale wanaoishi chini.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, mpaka mwaka 1986, walikuwa wanashuka shimoni na ndege mdogo wa njano ndani ya kizimba. Hewa ikiwa mbaya, ndege anaanguka kwanza, watu wanapanda mbio. Nimesikia watu wakisema basi dende wetu ni ndege yule: kama wako wazima, udongo ni mzima. Hapana. Hewa mbaya ya shimoni inaua kwa dakika. Zebaki inafanya kazi kwa miezi na miaka, na dende wetu anachinjwa kabla mwaka haujaisha. Anaweza kunenepa vizuri juu ya mchanga mbaya. Sumu inajikusanya ndani ya figo kwanza, na ndani ya ini, kile kipande laini ambacho wengi humpa mtoto mdogo. Samadi yake inaenda bustanini kwa lengalenga, na mchanga ulioshikamana nayo unaenda pia.

Sasa, alale juu ya nini?

Jibu langu litawachekesha waliotafuta udongo bora: juu ya majani. Majani makavu yanashinda udongo wa kila aina. Yanakunywa mkojo, yanashika joto, hayana vumbi kama yamekaushwa vizuri, na dende akiyala, ni chakula. Kata majani ya porini mbali na barabara, mbali na shamba la nyanya linalopigwa Dithane, uyaanike siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi. Yakiwa na ukungu, yale madoa meupe yenye harufu ya pishi, tupa. Katika msimu wa mvua, ambao kwetu ni sehemu kubwa ya mwaka, hapo njo kazi iko. Wenye busara wanakausha mu kiangazi na kuweka juu ya dari, karibu na moshi.

Majani makavu ya mgomba ni mazuri pia, yapasue kwanza. Maganda makavu ya maharagwe yanafaa, yakipepetwa. Makapi ya mpunga yanayopanda kutoka bonde la Ruzizi ni mepesi na bei yake ni ndogo, lakini yana vumbi. Yawekwe chini na majani juu yake.

Maranda ya seremala yanahitaji swali moja zaidi. Muulize ni mti gani, na ulipakwa nini. Maranda ya mbao nyeupe isiyonuka ni sawa. Yale ya mti wenye harufu kali, kama msonobari na jamaa zake, yanawasha mapafu ya dende hata kama kwetu harufu ni tamu. Mbao iliyopakwa karbonili ao mafuta ya gari iliyotumika, ili mchwa wasiile, maranda yake ni sumu moja kwa moja. Na chukua maranda, siyo unga wa msumeno. Unga unaingia puani na machoni.

Gazeti? Ndiyo, hili unaloshika pia. Likishasomwa na kila mtu nyumbani, lipasuliwe na kutandikwa chini ya majani. Mwandishi hatakasirika.

Kuna ambao hawana njia ila udongo, kwa sababu nyumba yenyewe sakafu yake ni udongo na dende anakaa juu yake. Hapo uliza ulikotoka, kama wale wa buibui. Chimba mahali ambapo majani yameota miaka yote bila mtu kulima wala kumwaga kitu. Ondoa safu ya juu, chukua wa chini yake. Usichukue karibu na garaji, karibu na wanaofungua betri, karibu na jalala, wala pale nguo za machimbo zinapofuliwa. Usichukue kwenye mto unaoteremka kutoka kwa wachimba dhahabu, hata kama mchanga wake unang'aa. Uanike juani, usiukaange. Kisha ulowanishe kidogo, upige-pige mpaka ushikane, uukaushe: sakafu iliyoshikana haitoi vumbi, na funza, yule tekenya anayeingia vidole vya watoto, anazaana katika vumbi kavu lililolegea. Juu yake tandika majani.

Kama kuna mianzi, kuna kitu bora kuliko vyote: kizimba kilichoinuliwa kidogo juu ya nguzo, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa, nafasi ndogo ambayo mguu hauingii, samadi inaanguka chini. Kona moja ibaki na majani mengi kwa ajili ya jike na watoto wake. Dende akitoka sakafuni, mkojo wake pia unatoka sakafuni, na jiko linapumua.

Namna ya kujua kama matandiko yamechoka: piga magoti, weka pua pale pua ya dende ilipo. Macho yakikuwasha, wao wanawashwa tangu jana. Kwa nyumba yenye dende kumi, mara mbili ao tatu kwa juma si nyingi. Na mutoto anayetumwa kubadilisha anawe mikono na sabuni kabla ya bugali.

Unabaki ule mchanga ambao tayari uko ndani. Usiufagie mkavu, vumbi litapanda. Fungua mlango na dirisha, mwagia maji kidogo uwe tope zito, uchote na koleo, ukwangue na udongo ulioshika chini yake, tia ndani ya saki mbili, moja ndani ya nyingine, funga. Wenye mimba na watoto wakae nje siku hiyo. Saki isiende bustanini, wala kwenye mfereji, wala Ruzizi, wala ziwani, kwa sababu ndani ya tope la maji zebaki inageuka kuwa ile mbaya zaidi inayoingia samaki. Irudi kule kule kwenye lundo la machimbo ilikotoka, na gari lile lile lililoileta. Samadi ya dende waliolala juu yake iende nayo. Wale wanyama unaweza kuwabakiza, lakini figo na ini vyao visipewe mtoto wala mama mwenye mimba.

Botti na nguo za shimoni zivuliwe nje ya mlango, zifuliwe peke yake ndani ya beseni lisilofuliwa nguo za mtoto. Dende wahamishe kwanza, kabla ya kugusa mchanga, ndani ya katoni yenye majani, kwa jirani ao chini ya kivuli. Hesabu wako wangapi kabla ya kufunga katoni. Kila mara mmoja anabaki nyuma ya saki ya makala.